Herufi Mbili Zilizobaki Baharini

Jamani, mkitaka kucheka subirini nimalize, maana nikikatizwa katikati nitaona aibu upya na sitaendelea. Mimi Athumani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Same mjini, mtu ambaye posa za nusu ya wilaya zimepita mdomoni mwangu, niliwahi kumposa mke wa mtu mbele ya mumewe, mchana kweupe, mume mwenyewe kashika kikombe cha kahawa, nami nimevaa kanzu mpya na kofia ya kutarizi, natabasamu huku nimefunga midomo. Nilipanga kuzikwa na siri hii, lakini shemeji yangu Hamisi (kaoa dada yangu, mtu asiyesema, tangu aoe sidhani kama amewahi kumaliza sentensi mbili mfululizo) ameshaanza kuisimulia barazani, na anaisimulia vibaya, anaruka mambo ya maana, kwa hiyo bora mwisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa safari ya kumwombea mke mwanangu Sefu. Nasema mwanangu ingawa ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki Sefu alikuwa bado anavaa kaptula za shule, nikamchukua nikamlea pamoja na wangu, na siku ya mwisho kule hospitali kaka alinishika mkono akaniambia, "Athumani, huyu usije ukamwaibisha." Alikuwa anatania, ananijua nilivyo na domo, lakini lile neno liliniingia na halijatoka. Basi Sefu kakua, kasomea umeme, kapata kazi kwenye hoteli huko kisiwani (kisiwa chenyewe sikitaji, wakwe wasije wakasema nimewatangaza), na huko akamwona Safia, binti wa mzee Haji, akapigwa na butwaa mpaka leo.

Alinipigia simu kabla hatujaondoka. "Baba mdogo," akaniambia, "mzee Haji si mtu wa mchezo. Kuna mtu alikuja kumposa Safia akajisema hajaoa, kumbe ana mke na watoto Tanga. Tangu hapo mzee akikushika na uongo mmoja tu, hata mdogo wa kipuuzi, anakuonyesha mlango. Nakuomba usipambe."

"Mimi nipambe?" nikamjibu, nimechukia kabisa. "Mimi kazi yangu ni kusema kweli, ila naisema vizuri."

Sasa hapo lazima niwaambie jambo ambalo wakati ule alilijua mke wangu peke yake. Meno yangu ya mbele ya juu, yale manne yanayotangulia mtu akicheka, si yangu. Nilianguka na pikipiki kwenye ile barabara ya kupanda Suji, mvua imenyesha, tope limekuwa sabuni, nikaenda kutengenezewa Moshi, nikarudi nikawaambia watu nilikuwa nimelazwa na malaria. Msemaji wa posa hawezi kuwa na meno ya kuazima, watu watasema na maneno yake ni ya kuazima. Na mdomo wangu ulikuwa ndio heshima yangu, sikuwa na nyingine kubwa.

Tukasafiri watatu tu kutoka Same, mimi, Hamisi, na kiroba cha tangawizi ya milimani kwa ajili ya wakwe (boti sitaielezea, wenye matumbo mepesi mtanisamehe). Sefu akatupokea, tukalala vizuri, na kesho yake miadi ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Asubuhi yote hatuna kazi. Sefu, kwa wema wake, akasema kuna hifadhi ya pwani upande wa pili wa kisiwa, mahali pa kimya, mawe matupu na maji masafi, watu hawaendi sana, tukakae juu ya mawe tupunge upepo, na anayetaka anavaa miwani ya kuzamia anaangalia samaki. Alisema "anayetaka." Hakuna aliyenilazimisha.

Pale tulimkuta dada mmoja anaitwa Raya, ndiye mwongozaji, mpole ila mambo yake yamenyooka kama rula. Akatupa miwani ile inayofunika mpaka pua, na mrija wa kupumulia, ambao chini una kipande cha mpira cha kung'ata kwa meno, halafu akatupanga mbele yake kama watoto wa chekechea. "Vueni saa, pete, na kofia," akasema. "Na kama kuna mwenye meno ya bandia ayatoe ayaache hapa kwenye kikapu, baharini huwa yanatoka."

Mimi nikatazama mawingu. Hamisi yuko kulia kwangu, Sefu kushoto, nami nitoe meno nitumbukize kwenye kikapu kama mtu anayelipa sadaka? Nikakaa kimya. Uamuzi mdogo tu, wa kufunga mdomo, na mnanijua, si kawaida yangu kufunga mdomo, siku niliyojaribu ndiyo ikaniponza.

"Mnajua kuogelea?" Raya akauliza. Sefu akasema anajua. Hamisi akatikisa kichwa, akapewa jaketi la kuelea la rangi ya machungwa, akafungwa kamba mbele. Ikafika zamu yangu.

"Mimi nimelelewa na ndiva," nikamwambia.

"Na nani?"

Nikamweleza (kwa urefu, Sefu anasema kwa urefu sana) kwamba kwetu Upareni kila bonde lina ndiva yake, bwawa walilolichimba babu zetu, maji ya mlimani yanaingia usiku, yanajaa, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, na kwamba nilipokuwa mtoto nakaa kwa bibi mzaa mama kule Suji hapakuwa na mtoto wa kunishinda kuvuka ndiva kutoka ukingo mpaka ukingo, na nilichapwa mara nyingi kwa kosa hilo, kwa hiyo uzoefu ninao. Raya akanitazama. "Basi jaketi hutaki?" Nikasema ampe mwenye kuhitaji.

Kweli pale ni pazuri, nisipasingizie. Kimya mpaka unasikia maji yanavyoingia na kutoka kwenye mashimo ya mawe. Nikaingia taratibu nimevaa kaptula na fulana, maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, nikainamisha uso, na jamani! Samaki wa mistari, samaki bluu kama nguo ya shule, samaki mwembamba kama kalamu, wote wanapita karibu na uso wangu bila wasiwasi, na chini yale madude meusi yenye miiba yamekaa kwenye nyufa. Nikasahau posa, nikasahau kila kitu, natembeza mikono hivi na hivi, naenda mbele, naona raha, nasema moyoni Athumani wewe ni samaki.

Halafu mwamba ukaisha.

Yaani kulikuwa na mwamba chini ya miguu yangu, hatua inayofuata hakuna, chini ni bluu tu inayoelekea kuwa nyeusi. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika umri wangu huu, nikaelewa kwamba miaka yote ile kule ndivani nilikuwa natembea. Mikono ilikuwa inaogelea, miguu iko kwenye tope! Ndiva yenyewe ilikuwa inanifika kifuani, na wenzangu wote walikuwa wanatembea vilevile, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniumbua. Mpare wa kijijini kwetu anaweza kuzeeka na kufa anajiita mwogeleaji, ilimradi asikutane na bahari.

Nikapiga kelele ya "Mama!" ndani ya mrija. Ile kelele ikarudi na maji ya chumvi, mpira ukachomoka mdomoni, na pamoja na mpira yakachomoka mengine. Miwani ninayo bado, kwa hiyo niliona kila kitu. Meno yangu manne na ufizi wake wa waridi yalikwenda chini polepole yakijizungusha, yakatua kwenye jiwe, yametazama juu, yananichekea. Samaki wa manjano akaja, akayachungulia, akaenda zake. Kisha kutoka kwenye shimo ukajitokeza mkono mmoja wa pweza, ukayapapasa kama mama anayechagua nyanya sokoni, ukayachukua, ukaingia nayo ndani.

Raya alinikamata kwa ukosi wa fulana akanivuta mpaka kwenye mawe. Nikakohoa, nikatema maji, nikafunua mdomo kumshukuru, na kilichotoka ni, "Athante thana."

Sefu akanitazama. Hamisi naye, amesimama na jaketi lake la machungwa, akanitazama mdomoni, akainama akatazama vizuri zaidi, kisha akaanza kucheka, Hamisi huyu ambaye kwenye harusi yake mwenyewe hakucheka, akakaa chini akacheka mpaka akafungua zile kamba apate pumzi.

Raya, Mungu ambariki, alizamia mara mbili kutafuta. Akarudi akasema shimo linaingia ndani ya mwamba na pweza mwenyewe ni mkubwa, na zaidi ya hapo humu ni hifadhi, hairuhusiwi kumsumbua mnyama wala kutoa kitu chochote, hata kombe tupu.

"Lakini meno si yake, ni yangu!" nikamwambia, najua sikusema hivyo sawasawa, ilitoka kitu kama filimbi. Sisi Wapare kwa kesi tunajulikana nchi nzima, nikaanza kumweleza kwamba kitu cha hifadhi ni kile kilichozaliwa hifadhini, haya yamezaliwa Moshi, mwenye haki ni nani. Raya akasema nipeleke shauri ofisini, itakuwa wazi kesho. Basi nikamuuliza swali ambalo Hamisi analisimulia kuliko yote, kwa sababu ndivani kitu kikizama humsumbui mtu, unasubiri tu asubuhi maji yafunguliwe unakiokota kwenye tope. Nikamuuliza, "Haya maji yenu yanahunguliwa thaa ngapi?"

Raya kwanza hakunielewa. Aliponielewa aligeuka akatazama upande mwingine, mabega yanatikisika. "Yatakupwa usiku, baba," akasema.

Tukarudi nyumbani. Njiani Sefu akaniambia kwa adabu, "Baba mdogo, tuwaambie tu ukweli. Tukifika tu, kabla ya lolote, sema meno yamepotea baharini. Watacheka, yataisha." Maneno ya mtu mzima yale. Na mimi mtu mzima nikakataa, nikaona nitaingiaje kwenye nyumba ya watu mara ya kwanza, mlezi wa bwana harusi, nianze na habari ya pweza. Nikasema nitatafuta maneno.

Nikajifungia chumbani nikatafuta maneno. Niligundua kwamba bila yale meno S inatoka TH, Z nayo inalegea, ila ugonjwa mkubwa ni F na V, maana mdomo wa chini unapanda kutafuta meno ya juu, haukuti mtu, pumzi inajipitia. Basi nikatunga posa isiyo na herufi hizo hata moja. Jaribuni nyinyi muone kazi yake! Salamu atatoa Hamisi, mimi nitakohoa. Kisha nitasema, "Tumetoka milimani, tumekuja kwa heri, tumeona ua hapa nyumbani kwenu, tunaomba mtukubalie tulichume, tukalilee." Nikairudia mbele ya kioo, inateleza yenyewe, nikajipongeza.

Nyumba ya mzee Haji ina baraza pana na mkeka mpya. Mzee mwenyewe mwembamba, macho makali, anazungumza polepole. Pembeni yake kakaa mkwewe, Makame, seremala, mume wa binti yake mkubwa, mtu mwenye viganja kama mbao ambazo hajazipiga randa. Mlangoni pametundikwa pazia, na nyuma ya pazia kakaa bibi yake Safia na wanawake wengine, unasikia tu bangili na vikombe. Sefu alikaa karibu na kizingiti, kichwa chini, maana mposaji mwenyewe hana neno pale, wanasema wazee.

Hamisi akatoa salamu (neno lake la siku nzima). Nikakohoa. Nikasema maneno yangu ya ua, mazuri, yanaelea, nikaona hata Makame anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma ya pazia mtu akasema, "Anajua kusema huyu." Nikavimba kichwa.

"Sawa," mzee Haji akasema. "Mmesema ua. Nyumba hii ina maua mengi. Mimi sipendi mafumbo, nilishaingia hasara na mafumbo. Mlitaje ua lenyewe kwa jina."

Hilo kwenye kioo sikulifikiria. Mtu ametoka Same mpaka katikati ya bahari kumposa msichana, amekwepa kila herufi, halafu msichana mwenyewe anaitwa Safia! Nikamtazama Hamisi anisaidie. Hamisi akatazama mkeka. Nikavuta pumzi.

"Thahia," nikasema.

Bangili zikanyamaza.

"Tahiya?" mzee Haji akauliza.

"Naam," nikasema, nimefurahi kwamba kumbe nimeeleweka.

Makame akaweka kikombe chini. Hakukitua kwa nguvu, alikiweka taratibu mno, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Tahiya," akasema, "ni mke wangu. Ana watoto wangu watatu. Yuko hapo ndani anakupikia chapati."

Jamani, mnajua mdomo ukishazoea kujiokoa haukusubiri. Kabla kichwa changu hakijafika, mdomo ulishafika. Nikainua mikono nikasema hapana, hapana, thamahanini thana, ni lugha tu, sisi Wapare ndivyo tunavyotamka. Na siyo kwamba niliuokota uongo huo hewani, kwa sababu wazee wetu wa milimani wanapozungumza Chasu, yaani Kipare chenyewe, kuna ile sauti ya ulimi kuchungulia kati ya meno, na wengine huja nayo mpaka kwenye Kiswahili, sisi wa mjini tunataniana nayo kila siku. Kwa hiyo nikawaambia, huko kwetu kila mtu yuko hivi, mkubwa kwa mdogo, na sisi ni watu wa kudumisha mila.

"Wote?" mzee Haji akauliza.

Nikamgusa Hamisi kwa kiwiko. Hamisi, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ametoa salamu yenye S iliyonyooka kama msumari, akasema, "Wote. Thithi thote."

Mzee Haji akakaa anatutazama, mara mimi, mara Hamisi. Kisha akageukia kizingitini. "Na wewe kijana. Unaitwa nani?"

Nikamtazama Sefu kwa macho yote niliyonayo. Nilimkonyeza, nikanyoosha mguu nikamgusa kwa kidole gumba, nikamwambia kwa kila njia isiyo na sauti kwamba sema Thehu, mwanangu, sema Thehu ututoe hapa. Sefu alininyanyulia uso. Nilimwona anavyoteseka, huku ni mimi niliyemlea, huku ni mke anayemtaka.

"Naitwa Sefu," akasema. Wazi, herufi zote mbili.

Nikamkasirikia, sitaki kudanganya, nikasema moyoni huyu mtoto ndiye anayejiaibisha mwenyewe.

"Mbona wewe waitamka?" mzee akamuuliza.

Sefu akainamisha kichwa asijibu. Hakunisaliti, wala hakunidanganyia.

"Huyu amethomea Dar," nikadakia.

Hapo ndipo sauti ya bibi ikatoka nyuma ya pazia, sauti nyembamba ya kizee, haina haraka. "Mwacheni mgeni, Haji. Same naijua mimi. Marehemu mume wangu alikuwa na duka la vitambaa pale karibu na stesheni, nimekaa na Wapare miaka, nimekula makande yao. Hiyo TH yao ya kweli, nimeisikia sana."

Nilitamani nilipasue lile pazia nikambusu mkono. Nikasema, "Shikamoo, bibi!" (hiyo ilitoka safi, SH haina shida.)

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie tena jina la kijana wenu."

"Thehu."

"Na binti mliyemjia?"

"Thahia."

"Sema furaha."

"Huraha."

Pazia likasogea kidogo, likatokea jicho moja. "Mwanangu," akasema bibi, "TH ni ya kwenu, hiyo sina ugomvi nayo. Lakini Wapare wote niliokaa nao Same, F walikuwa nayo. Walisema fagio, walisema figili, walisema fedha, tena hiyo fedha ndiyo walikuwa wanaitamka vizuri zaidi. Ya kwako imekwenda wapi?"

Nikatazama mkeka. Nikamtazama Sefu kizingitini, mikono juu ya magoti, na nikamkumbuka kaka kitandani akiniambia usije ukamwaibisha. Mdomo wangu ukatafuta pa kutokea, haukupata.

"Baharini, bibi," nikasema.

Nikawasimulia yote. Kikapu cha Raya, ndiva, mwamba ulioisha, samaki wa manjano, pweza. Nilipofika kwenye pweza anapapasa meno kama nyanya, Makame alianza kuguna, na nilipofika kwenye maji yanafunguliwa saa ngapi alijitupa chali kwenye mkeka, na nyuma ya pazia kulikuwa na vurugu, mtu aliangusha sahani, na nina hakika huyo Tahiya mwenyewe ndiye aliyekuwa anapiga makofi ukutani.

Mzee Haji hakucheka.

"Kwa hiyo umenidanganya," akasema, "ndani ya nyumba yangu, umekaa juu ya mkeka wangu."

"Nimekudanganya," nikasema. Na neno lenyewe, kwa bahati mbaya, halina hata herufi moja ya kulificha, lilitoka safi kuliko yote niliyosema siku ile. Nikavua kofia. Nikamwambia uongo ni wangu peke yangu, shemeji nimemlazimisha kwa kiwiko, na kijana hana hatia, alinisihi mapema niseme kweli nikakataa kwa sababu ya majivuno, na kama ni kuonyeshwa mlango nionyeshwe mimi, nitakwenda kusubiri barabarani, ila wamsikilize yeye. Nilisema yote hayo kwa TH na pumzi, na sijui walielewa nusu au robo. Machozi yalinilenga, wala sioni haya kuyasema.

Makame akakaa vizuri, akajifuta macho.

"Mimi tangu mmeingia nilikuwa namtazama kijana," mzee Haji akasema mwishowe. "Nyinyi wawili mlipoanza Kipare chenu, nilijua kuna kitu. Huyu Hamisi wako salamu yake niliisikia, sina ugonjwa wa masikio. Nikasema moyoni, nitamuuliza mtoto jina. Akisema Thehu, mnaondoka wote watatu na tangawizi yenu. Nimekuona unavyomkonyeza, nimekuona unamchokonoa kwa dole gumba. Akasema Sefu." Akageuka kizingitini. "Mtu ambaye mlezi wake anamkonyeza hivyo naye akabaki na kweli yake, na bado asimvunjie mzee wake heshima, huyo binti yangu nampa."

Sefu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nyuma ya pazia vikapigwa vigelegele mpaka kuku wakakimbia uani. Mimi nilibaki pale mkekani na kofia mkononi, nacheka nalia, mdomo wazi, pengo lote hadharani, na wala sikulikumbuka.

Ila mzee Haji alitoa sharti. Siku ya harusi, akasema, msemaji wa upande wetu awe huyu, akamnyooshea kidole Hamisi. Na siku ilipofika Hamisi akasimama mbele ya watu wote, akawatazama, akasema, "Asanteni. Tumefurahi. Chakula kisipoe." Akakaa. Mpaka leo watu Same wananiambia hawajapata kusikia hotuba nzuri kama ile, na posa mbili zilizokuwa zije kwangu zimekwenda kwake.

Meno mapya nimetengeneza. Sasa hivi kila mtu anajua si yangu, na nikitaka kula mua nayatoa mbele za watu nayaweka kwenye kisahani, sina siri. Maji yanayonipita magotini siingii tena, wala ndivani, na mtu akiniuliza kama najua kuogelea nasema najua kutembea. Kuhusu yale ya zamani, Raya alimwambia Sefu kwamba pweza bado ameyaweka mlangoni kwake pamoja na makombe, na wageni wanapelekwa kuyaona.

Bibi ndiye ambaye hajanisamehe. Hunipigia simu karibu kila Ijumaa kuulizia tangawizi, na kabla ya salamu ananitaka niseme kwanza Sefu, halafu Safia, ndipo azungumze. Juzi Ijumaa kanipigia ana furaha, Safia kajifungua salama, mtoto wa kike, na wazazi wamempa yeye bibi heshima ya kuchagua jina. Nikamwambia, bibi, nakuomba, maneno ni mengi duniani, chagua jina jepesi, kuna Amina, kuna Rukia, kuna Mariamu. Akasema ameshachagua, anaitwa Safura. Nikamsikia anavyojizuia kucheka. "Haya," akaniambia, "mwite mjukuu wako nikusikie."

Nikabana haya meno mapya kwa ulimi, nikamwita.